Maswali ya Wasomaji: Kijana na Meza ya Mazungumzo

Toleo hili tumelitengea barua zinazohusu nafasi ya vijana katika diplomasia ya kanda yetu na katika kazi za kuwahudumia watu waliokumbwa na vita au maafa. Barua nimezifupisha bila kugusa hoja zake, na kwa kuwa wengi wa walioandika waliomba wasitajwe, nimeona ni haki kuwaacha wote bila majina.

Tulialikwa kushauri au kupamba ukumbi?

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Mwaka jana nilichaguliwa kwenda Arusha kwenye kongamano la vijana wa kanda kuhusu amani. Tulikaa siku tatu, tukapewa fulana na mikoba, tukapigwa picha na waheshimiwa, na usiku wa mwisho tulikesha tukiandika tamko lenye mapendekezo 31. Lilisomwa, likapigiwa makofi, na tangu siku hiyo sijasikia neno. Nauliza bila kuficha: tulialikwa kushauri au kupamba ukumbi?*

Ndugu yangu, sitakujibu kwa maneno ya kukupoza. Nimehudhuria makongamano ya aina hiyo mara kadhaa, na mara nyingi ratiba yenyewe hukwambia umeitwa kufanya nini. Ukiona vijana wamepangiwa asubuhi ya ufunguzi, wakati kamera zimewashwa, na kikao cha kuandika maazimio kimewekwa alasiri kwa "wataalamu" peke yao, jibu unalo mkononi. Hata hivyo, lawama zote zisiwaangukie wenyeji wenu, kwa maana sehemu ya kosa imo ndani ya tamko lenyewe.

Fikiri jinsi uamuzi unavyozaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa kuianzisha, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, umeweka ngazi: juu kabisa ni Wakuu wa Nchi, chini yao Baraza la Mawaziri, chini ya Baraza Kamati ya Uratibu yenye makatibu wakuu wa wizara, na chini ya hao kamati za kisekta, ambako maofisa hukaa na kalamu na kubishana juu ya neno moja kwa nusu siku. Jambo hupanda kutoka huko chini. Kwa kuwa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, si kwa kura, waraka unaofika mezani kwao huwa umekwisha kusuguliwa hadi nukta ya mwisho, na asiyekuwapo waliposugua hana tena cha kuongeza. Tamko lenu lilipelekwa paani kabla ya kupitishwa mlangoni.

Halafu kuna hiyo 31. Waziri akikabidhiwa mapendekezo 31 hana pa kuanzia, na asiye na pa kuanzia hushukuru, huahidi kuyafanyia kazi, na huondoka na msaidizi wake akiwa amebeba bahasha. Laiti mngeandika mawili, na kila moja likamtaja wa kulitekeleza.

Tazama mfano huu ambao naona vijana wetu hawausimuliwi vya kutosha. Katika mazungumzo ya Warundi yaliyoanza Arusha mwezi Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na ambayo Nelson Mandela aliyapokea baada ya Mwalimu kufariki tarehe 14 Oktoba 1999, wanawake wa Burundi walikaa muda mrefu nje ya vyumba vya majadiliano. Mwezi Julai 2000 wanawake kutoka pande zote zilizokuwa zikizungumza walikutana hapo hapo Arusha, wakaandaa madai yao, wakayafikisha kwa mpatanishi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti mwaka huo, na mengi kati ya waliyoyadai yalikuwa yameingia. Zingatia tarehe hizo mbili. Walifika wiki kadhaa kabla ya wino, wakiwa na maandishi ambayo mwandishi wa mkataba angeweza kuyachukua na kuyaweka mahali pake. Tena walikwenda wakiwa wamoja, ilhali waume zao na kaka zao walikuwa bado hawasalimiani.

Sasa chukua sentensi moja ya kawaida katika matamko ya vijana: "Tunaziomba serikali ziwashirikishe vijana katika michakato ya amani." Hakuna serikali itakayoikataa, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna itakayoitekeleza. Iandike upya hivi: "Tunaomba kila ujumbe wa nchi mwanachama unaohudhuria vikao vya kisekta kuhusu amani na usalama uwe na angalau mjumbe mmoja asiyezidi miaka 35, mwenye haki ya kuzungumza, na anayepokea nyaraka siku ile ile wanayopokea wenzake." Hii inaweza kukataliwa, na huo ndio uzuri wake, maana anayekataa atalazimika kutoa sababu, na sababu hiyo ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Maneno ya mwisho kuhusu nyaraka msiyaone madogo. Kijana anayekabidhiwa kurasa 80 mlangoni mwa ukumbi ameketishwa, lakini hajashirikishwa.

Jifunzeni pia kusoma vitenzi. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 2015, ndilo la kwanza la Baraza hilo kuhusu vijana, amani na usalama pekee, na vijana hulinukuu kana kwamba limewapa viti. Lisomeni kwa utulivu. Linazihimiza nchi kufikiria njia za kuongeza uwakilishi wa vijana katika ngazi zote za maamuzi. Kuhimizwa kufikiria njia ni mbali sana na kuamriwa kutoa nafasi, na mwanadiplomasia mzoefu anaujua umbali huo kwa mita. Wakati huo huo, kwa hapa kwetu, Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka kila bunge la nchi, linapowachagua wabunge wake tisa wa Bunge la Afrika Mashariki, lizingatie kadiri inavyowezekana vyama, mitazamo tofauti, jinsia na makundi maalumu. Hao tisa wana majina na wana ofisi. Mwandikieni mmoja wao barua ya ukurasa mmoja mkimwomba aulize swali moja bungeni.

Na kuna mlango mwingine ambao makongamano hayautaji kwa sababu hauna picha nzuri. Kifungu cha 30 kinamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kwenda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria, agizo au kitendo kinachokiuka Mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au tangu alipolijua. Miezi miwili ni mifupi kuliko likizo yenu ya chuo. Kundi la vijana ambalo halimjui hata wakili mmoja litakuwa bado linachagua mwenyekiti muda utakapokwisha.

Miaka 33, je, mimi bado ni kijana?

*Mhariri, naomba unisaidie. Shirika moja limeniambia kwamba mimi nimevuka umri wa ujana, lingine likanipokea. Nina miaka 33. Nani yuko sahihi?*

Wote wawili, kila mmoja mahali pake. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwezi Julai 2006 na kuanza kutumika Agosti 2009, unamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Azimio 2250 linataja 18 hadi 29, na takwimu za Umoja wa Mataifa huishia 24. Katiba ya Kenya inasema aliyetimiza 18 na hajafika 35. Mabaraza ya vijana ya Uganda yanachukua 18 hadi 30. Kikosi cha Vijana wa Kujitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010, hupokea hadi miaka 35, kwa hiyo wewe bado umo. Soma tangazo kabla ya kujaza fomu, na usiongope umri wako, kwa sababu pasipoti itakuumbua.

Je, ubinadamu unahitaji kibali?

*Shikamoo Mhariri. Sisi ni vijana kumi na watatu wa wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Tulichanga nguo tukajaza magunia mawili, tukaenda nayo hadi kambini ili kuwapa wakimbizi. Tukazuiwa getini kwa kukosa kibali. Tulirudi tumevunjika moyo, na mwenzetu mmoja akasema kwamba huo ni urasimu uliokosa utu. Je, ubinadamu nao unahitaji kibali?*

Marahaba, wanangu. Ndiyo, unahitaji, na mtakaponisikiliza hadi mwisho huenda mkakubaliana na yule askari wa getini.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka anayeingia katika eneo lililotengwa kwa wakimbizi awe na ruhusa. Kambi imejaa watu waliowakimbia watu. Aliyemtafuta mkimbizi kijijini kwake anaweza kumtafuta pia huku, naye hatavaa beji ya kumtambulisha; huenda akaja na gunia la nguo kama lenu. Kanda yetu ililijua hili kwa uchungu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, wakati kambi za mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire zilipoingiwa na wenye silaha na wanasiasa waliowatawala wakimbizi humo ndani, wakashika hata ugawaji wa chakula. Tangu hapo, kuihifadhi kambi ibaki mahali pa raia limekuwa jambo la uhai.

Nguo ni suala la pili, na hapa nitawasimulia jambo langu. Nilipokuwa kijana wa kujitolea nilipelekwa kambini nikiwa na moyo mkubwa kama wenu, nikitarajia kupewa watoto niwabebe au wagonjwa niwashike mkono. Nilikabidhiwa saa na daftari, nikaambiwa nikae kwenye koki ya maji kuanzia alfajiri. Nilijiona nimedharauliwa. Mbele yangu madumu ya lita 20 yalikuwa yamepangwa mstari, mengine yamefungwa kitambaa chekundu au kamba ya katani ili mwenyewe alitambue lake, na wenyewe wamekaa pembeni kwenye kivuli. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila dumu limechukua muda gani kujaa.

Koki inayotoa lita saba na nusu kwa dakika hujaza dumu hilo kwa dakika mbili na sekunde 40. Asubuhi ya siku ile lilichukua zaidi ya dakika tano. Nilihesabu madumu 30 kwenye mstari, nikazidisha, nikaona kwamba msichana aliyeweka la mwisho angesubiri zaidi ya saa mbili na nusu, na kwamba shule ingekuwa imeanza bila yeye. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinataka mtu apate angalau lita 15 kwa siku, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, chanzo cha maji kisiwe mbali zaidi ya mita 500 na makazi, na foleni isizidi dakika 30. Daftari langu lenye mistari ya mkono lilipelekwa kwa fundi, fundi akakuta bomba limeziba sehemu ya juu, na kesho yake foleni ikapungua. Sikumpa yule msichana chochote kwa mkono wangu, wala hakunijua.

Nyinyi wa Kigoma hamna haja ya kufundishwa na mgeni juu ya maji. Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali penye milima mgongoni na ziwa mbele, kipindupindu kikalipuka, na meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwahamishia Kigoma mjini. Watu wale walikuwa wamevaa. Walichokosa ni maji safi na vyoo. Magunia mawili ya nguo yangehitaji mtu wa kuyachambua, mahali pa kuyahifadhi, na orodha ya nani apewe nini, na hapo bado hatujazungumzia ugomvi wa aliyepata sweta na aliyekosa.

Mfanye nini basi? Nendeni kwenye tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu mkajiandikishe mfundishwe huduma ya kwanza, ili siku ya dharura muwe mikono inayojulikana badala ya umati getini. Lakini kuna kazi nyingine ambayo mgeni kutoka mjini hawezi kuifanya, nayo iko nje ya geti. Vijiji vinavyopakana na kambi vinagombana na wakimbizi kuhusu kuni, mifugo iliyoingia shambani, na uvumi wa wizi. Mkiomba kwa mwenyekiti wa kijiji kukaa pamoja na vijana wa upande wa pili, kwa idhini ya wasimamizi wa kambi, mkaandika nani alikata mti wapi na nini kilikubaliwa, hiyo ni diplomasia kamili, ina mpaka, ina pande mbili, ina waraka. Tofauti yake na ile ya Arusha ni kwamba hapa hamna viyoyozi.

Ombi moja la mwisho kwenu: mkiruhusiwa kuingia, simu zikae mfukoni. Picha ya mtoto aliyekimbia vita ikishawekwa mtandaoni haimwambii mtazamaji tu kwamba mtoto ana njaa; inamwambia pia yule ambaye mtoto alimkimbia kwamba mtoto yuko wapi.

Na yule mwenzenu aliyesema habari ya utu, msimulieni kisa cha Henry Dunant wa Uswisi. Alikuwa na miaka 31, kijana kwa hesabu ya Umoja wa Afrika, alipofika karibu na Solferino baada ya mapigano ya tarehe 24 Juni 1859 na kukuta majeruhi wamelala bila wa kuwahudumia. Alisaidiana na wanawake wa mji wa Castiglione kuwauguza bila kuuliza wametoka jeshi gani. Angeishia hapo, tusingemjua. Alirudi kwao akaandika kitabu alichokitoa mwaka 1862, akasumbua wakubwa, na Agosti 1864 mataifa yakatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa kuwalinda majeruhi wa vita. Utu wake ulihitaji sahihi za serikali ili udumu kuliko bendeji zake.

Kunyamaza ni kutokuwa na upande?

*Ndugu Mhariri, ninasimamia kundi la WhatsApp lenye vijana wapatao 200 kutoka nchi nne za Maziwa Makuu. Tulilianzisha ili tubadilishane fursa za masomo. Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa Januari 2025 limegeuka uwanja wa matusi. Mmoja alileta picha ya maiti akisema ni za juzi; baadaye tukagundua ni za nchi nyingine na za miaka mingi. Nimefikiria kufunga kundi. Wengine wananiambia kwamba msimamizi asiye na upande hukaa kimya. Ushauri wako?*

Usilifunge. Watu 200 wa nchi nne wanaozungumza kila siku bila pasipoti ni kitu ambacho balozi yeyote angekionea wivu. Lakini aliyekwambia kwamba kutokuwa na upande ni kunyamaza amechanganya mambo.

Msalaba Mwekundu, ambao kanuni zake saba zilitangazwa Vienna mwaka 1965, hauchukui upande katika mapigano wala katika mabishano ya kisiasa, ili wapiganaji wote wauamini na waupishe njiani. Hata hivyo haujawahi kuwa kimya kuhusu kwamba majeruhi asiuawe na hospitali isishambuliwe, kwa kuwa Mikataba ya Geneva ya 1949 inawabana wote. Nawe katika kundi lako unaweza kukataa kusema nani mwenye haki ya kuishika Goma, na papo hapo ukasema kwa sauti kwamba anayelishangilia shambulio dhidi ya raia hana nafasi humo, awe wa kabila lako au la jirani. Ila kipimo kiwe kimoja. Siku utakapofuta ujumbe wa Mkongo na kuuacha unaofanana nao wa Mnyarwanda, au kinyume chake, umekwisha kuwa na upande, na wote 200 watakuwa wameona.

Kuhusu picha, weka sharti kwamba anayeleta taarifa ya tukio aseme limetokea wapi, lini, na ameipata kwa nani, na akishindwa iondolewe bila mjadala. Wapo watakaokuona mkali. Waambie kwamba katika kanda hii maneno yameshahukumiwa mahakamani: mwezi Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu kutokana na kazi ya redio na gazeti vilivyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya hatia na kupunguza vifungo, lakini haikufuta msingi kwamba anayetangaza chuki anaweza kujibu kama mtenda. Redio ile ilihitaji mtambo na leseni, ilhali kijana wa leo anahitaji kifurushi cha data tu.

Zaidi ya kuzuia, wape kazi. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa pamoja kuhusu mgogoro huo, na taarifa yao ya pamoja ilidai mapigano yasitishwe, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano, na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Chukueni waraka huo, msome kifungu kimoja kwa jioni moja, na kila mara muulizane swali lile lile: nani aliagizwa kufanya hili, na alifanya? Vijana wanaobishana juu ya kifungu cha nne hukosa muda wa kutukanana ukoo, na baada ya wiki tatu utakuwa na watu kumi wanaoujua mgogoro kuliko wachambuzi wengi wa luninga. Hao kumi wafanye wasimamizi wenzako, wakitoka nchi zote nne.

Binti yangu anataka diplomasia

*Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anasema anataka kusomea diplomasia na baadaye afanye kazi na mashirika ya wakimbizi. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya watoto wa wakubwa. Nimsikilize nani?*

Mama yangu, salaam nimezipokea. Baba wa watoto ana hofu ya kweli, na sitaidharau, maana viti ni vichache na wako wanaovipata kwa kujulikana. Lakini hofu hiyo isifanywe sheria.

Salim Ahmed Salim alizaliwa Pemba mwaka 1942, na mwaka 1964, akiwa na miaka 22, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri. Baadaye aliiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa kwa muongo mzima, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001, na bado mwaka 2006 alikuwa Abuja akiongoza usuluhishi wa Darfur kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Nawatajia habari hizi vijana kwa tahadhari, kwa sababu taifa lile lilikuwa changa na lilihitaji watu haraka, na leo hakuna atakayempa binti yako ubalozi akiwa na miaka 22. Kilicho cha kuiga ni alichokuwa nacho kabla ya uteuzi: uongozi wa wanafunzi na uandishi wa habari, yaani alikwisha kujifunza kusikiliza watu wanaopingana na kuandika walichosema bila kukipinda.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa miaka mingi ya mwanzo. Ofisa mpya hapewi bendera kwenye gari. Hukaa nyuma ya mkubwa wake akiandika nani alisema nini, huhakikisha kibao chenye jina la nchi kimewekwa panapostahili, hukimbia na rasimu saa sita usiku kwa sababu ujumbe mmoja unataka "inapaswa" na mwingine unataka "inaweza". Binti asiyependa kazi hiyo ya pembeni atateseka, na ni afadhali ajue sasa. Mpime kwa jambo dogo: kwenye kikao chochote cha familia, mwombe aandike kumbukumbu, kisha wasomee mashangazi waliogombana. Wote wawili wakikubali kwamba ndivyo walivyosema, mtoto ana kipaji.

Kuhusu mahali pa kusoma, kiko chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, ambacho Tanzania na Msumbiji zilikianzisha pamoja mwaka 1978 na ambacho sasa kina jina la huyo Dkt. Salim. Vyuo vikuu kadhaa navyo vinafundisha uhusiano wa kimataifa. Lakini kama moyo wake uko zaidi kwa wakimbizi, mwambie asishangae nikisema kwamba mashirika hayo huajiri wahasibu, wauguzi, mafundi wa maji na wasimamizi wa maghala kwa wingi kuliko wanadiplomasia. Anayejua kwa nini tani za unga zimekwama mpakani, na karatasi gani inakosekana, hupokelewa popote. Shahada ya ugavi ikiungana na kusoma kwake mwenyewe mikataba ya wakimbizi, kuanzia ule wa Afrika uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, humfikisha pale pale anapotaka, tena huenda mapema zaidi.

Lugha ndiyo nitakayoikazia. Kiswahili anacho, na mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi, hivyo asikidharau wala asikiandike ovyo. Wakalimani na wafasiri wa Kiswahili watahitajika. Kiingereza ndicho lugha rasmi iliyotajwa katika Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila Sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu iko Bujumbura, na sehemu kubwa ya migogoro na wakimbizi wa kanda hii inatoka katika nchi ambazo nyaraka zake huandikwa kwa Kifaransa. Ana miezi kadhaa mikononi kabla ya chuo kufunguliwa. Aanze Kifaransa mwezi huu, na baba yake ndiye amlipie ada ya darasa.